Asiyekuwapo na Lake Halipo: Askari, Nyumba Yake na Uamuzi wa Kazi katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili aliyepitia tenzi za vita atakuwa ameizoea safari moja. Majemadari hutajwa kwa majina, vyombo huhesabiwa baharini, bunduki hulia, waliokufa huombewa rehema, na mwishoni mshairi hujitaja na kutaja idadi ya beti zake. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemed bin Abdallah, Utenzi wa Al-Akida wa Abdallah bin Masud Mazrui, Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, hata Utenzi wa Vita vya Kagera wa Henry Muhanika uliochapishwa mwaka 1981, kila mmoja kwa namna yake humfuata askari kule anakokwenda. Ni nadra mshairi kubaki mlangoni na wale walioagwa.

Makala haya yanakusudia kubaki mlangoni hapo. Yataeleza jinsi maisha ya jeshi yalivyoigusa nyumba ya askari katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Likoni hadi Vanga kupitia Diani na Msambweni. Yataeleza pia jinsi nyumba hiyo inavyoamua nani aingie jeshini, nani abaki, na aliyeingia atoke lini. Kwa kuwa mwandishi ni mwanafunzi wa fasihi, msomaji asistaajabu akiona hoja inaanzia kwenye neno au kwenye utenzi kabla ya kufika kambini.

Maneno ya kambi na maneno ya nyumbani

Tuanze na msamiati. Askari na jeshi ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Afande ametoka kwa Waturuki, akapitia Misri na Sudani, akaingia kwetu pamoja na wapiganaji wa Kisudani waliotumiwa na Wajerumani na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Kuruta, kombania, koplo na sajenti ni ya Kiingereza. Manowari, neno ambalo mtoto wa Likoni hulijua kabla hajajua kusoma, nalo ni la Kiingereza lililovikwa kanzu. Hata King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, lilifupishwa kwa herufi zake likawa Keya, na Kiswahili cha kambini kikaitwa Kikeya. Wanaisimu wamekiandika sana Kikeya, wengine kwa dharau, kwa sababu hakikujali upatanisho wa kisarufi tunaotozwa alama kwa ajili yake katika mitihani.

Upande wa pili yapo maneno mjane, yatima, edda, tanga, wosia na mirathi. Haya hayakuja na jeshi, jeshi liliyakuta. Likatuachia vyeo, silaha na gwaride, lakini mtu aliyebaki nyumbani tunamtaja kwa kifungu tu: mke wa askari, mama wa askari, watoto wa askari. Hutambulishwa kwa mtu ambaye hayupo. Nao wahenga walikwisha kusema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo kwa kawaida hufundishwa kama onyo kwa mtoro au mvivu. Inapomhusu askari huwa na ukali mwingine kabisa, kwa kuwa kutokuwapo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Hapa inafaa kumkumbuka Mwana Kupona. Utendi wake wa mwaka 1858 husomwa vyuoni kama wosia wa mama kwa binti yake kuhusu utii kwa mume, na mjadala wetu huishia kwenye suala la mfumo dume. Hatusemi sana kwamba mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliishi miaka mingi akipigana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba alikufa mwaka 1856, yaani miaka miwili tu kabla ya utendi kutungwa. Aliyeutunga alikuwa mjane wa mpiganaji, naye alikuwa mgonjwa, na binti yake alikuwa bado mdogo. Ukiusoma kwa kulizingatia hilo, mafundisho ya kutunza nyumba, kuhifadhi heshima na kuishi vyema na watu wa kila daraja yanachukua sura ya maarifa ya mwanamke aliyejua kwamba mwanamume anaweza kuondoka asirudi. Mwandishi anaona kwamba huo ndio utenzi wetu mkubwa wa vita uliotungiwa ndani ya nyumba, ingawa haumo katika orodha ya tenzi za vita.

Mwele, Gazi na Kariakoo

Kwale imepitiwa na majeshi mara nyingi kuliko inavyosemwa katika vitabu vya shule. Mwele, katika bara ya Gazi, ilikuwa ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui. Mwezi Agosti 1895 wanamaji wa Kiingereza chini ya Admirali Rawson waliishambulia na kuivunja. Mbaruk aliendelea kupigana hadi Aprili 1896 alipovuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani pamoja na wafuasi wake, na alimalizia maisha yake Dar es Salaam. Miaka 20 baada ya kuvunjwa ngome hiyo, eneo lile lile la Mwele likaona damu tena. Mwezi Januari 1916 aliuawa hapo Arthur Wavell, Mwingereza aliyepata kuingia Makka mwaka 1908 kwa kujifanya hujaji Mwislamu, na ambaye vita vilipoanza alikuwa ameunda kikosi cha Waarabu wa pwani. Mnara wa kumbukumbu yake na ya askari wake upo Mombasa, karibu na Fort Jesus.

Kati ya matukio hayo mawili, Wajerumani walikuwa wamevuka mpaka mwaka 1914 wakafika Gazi, ambako walipigana na Waingereza tarehe 7 Oktoba kabla ya kurudi nyuma. Januari 1915 mapigano makubwa yakatokea Jasini, ng'ambo kidogo tu ya Vanga. Kwa hiyo kwa mkazi wa Msambweni wa wakati huo vita havikuwa habari za mbali zilizoletwa na gazeti. Vilikuwa njia ile ile aliyopita kwenda shambani.

Hata hivyo, walioteketea kwa wingi zaidi hawakuwa wenye bunduki. Sheria ya mwaka 1915 iliiruhusu serikali ya kikoloni kuwachukua wanaume kwa nguvu wawe wapagazi wa jeshi, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa wa wapagazi katika nchi nzima. Ujira wao ulipunguzwa hadi rupia 5 kwa mwezi, ukapanda kuwa 6 baada ya miezi ya mwanzo. Kikosi chao kilichoitwa Carrier Corps ndicho kilichotuachia jina Kariakoo, ambalo leo ni soko na mtaa Dar es Salaam na pia mtaa Nairobi. Kumbukumbu za serikali yenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000 miongoni mwa wapagazi, wengi kwa kuhara, homa na njaa, na wanahistoria wanaamini kwamba waliokufa ni wengi kuliko hao. Waliorudi walikuta ukame na homa kali ya mafua ya mwaka 1918 na 1919 vimekwisha kuingia nyumbani mwao. Muda mfupi baadaye wakavishwa kipande shingoni ili wafuatiliwe kazini.

Sanamu ya askari na mpagazi iliyoko Nairobi, yenye wenzake Mombasa na Dar es Salaam, ina maandishi yanayowaahidi wapiganaji kwamba hata wakifa watoto wao watayakumbuka majina yao. Ahadi hiyo ilihitaji angalau majina yenyewe yaandikwe. Mwezi Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza wakiitumikia Uingereza, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa jamii ya askari hiyo si hesabu tupu. Mjane asiye na jina la mumewe katika orodha hana anachoweza kudai. Sehemu ya ujira wa wapagazi waliokufa haikudaiwa na mtu kwa sababu warithi hawakujulikana, na fedha hizo hazikuwafikia.

Meli iliyotoka Kilindini

Vita vya Pili vilikuja na utaratibu ulio bora zaidi. Takriban watu 98,000 kutoka Kenya waliingia jeshini. Safari hii askari aliweza kukata sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa watu wake kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Barua ziliandikwa kwa wingi, mara nyingi kwa Kiswahili na kwa mkono wa mwenzake aliyejua kusoma. Magazeti ya jeshi kama Askari na Heshima yalichapishwa kwa Kiswahili ili kumtuliza mpiganaji kuhusu hali ya nyumbani. Maafisa waliokagua barua hizo waliona jambo moja likirudiwa: askari hakuuliza sana juu ya Wajapani. Aliuliza kama fedha zimefika, kama ng'ombe au minazi ni salama, na kama mkewe bado yupo.

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyoondoka Kilindini siku chache kabla ikielekea Ceylon, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na wanawake wengine 77. Meli hiyo ilipita katika mkondo ambao leo msafiri wa Likoni huuangalia akiwa kwenye feri. Idadi hii ni kubwa kwa kiasi cha kutisha, lakini haijapata utenzi unaofahamika miongoni mwetu. Shaaban Robert alivitungia vita hivyo utenzi mrefu unaozunguka dunia nzima. Msiba wa Kilindini bado unamsubiri mtunzi.

Keya ya wakati wa amani ilikuwa na sura nyingine. Askari wachache waliruhusiwa kuishi na wake zao kambini, na ndoa iliyotambuliwa ni ile iliyoandikishwa kwa afisa. Wake hao walikaguliwa usafi wa nyumba zao na kufundishwa ushoni na malezi. Kwa ufupi, waliwekwa chini ya nidhamu ya jeshi bila kupewa cheo wala mshahara. Mume alipohamishwa walihama, na alipofukuzwa walifukuzwa. Maasi ya Januari 1964 yaliyoanza Colito, Dar es Salaam, yakaenda Jinja na kufika Lanet, Nakuru, huelezwa zaidi kama madai ya mishahara na ya kupandishwa vyeo kwa Waafrika. Ni kweli, lakini mshahara wa askari ulikuwa pia karo, kodi na mahari ya mtu wa nyumbani. Batalioni ya Lanet ilipovunjwa, na Jeshi la Wanahewa lilipovunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, kila aliyepoteza kazi alirudi nyumbani na doa ambalo ndugu zake hawakulitenda. Baadhi ya wanahewa wa 1982 walilipwa fidia na Mahakama Kuu baada ya miongo kadhaa, kwa sababu ya mateso waliyopewa kizuizini.

Nani huamua kijana awe kuruta?

Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi mwaka 2022, kijana Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la babaye anamalizia kwa kuukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Wasomaji wengine wanalaumu mwisho huo. Katika semina yetu mwenzetu mmoja aliuita usaliti, na mjadala ukachukua saa nzima. Mwandishi wa makala haya ana maoni tofauti. Yusuf hakuchagua jeshi akiwa na njia nyingine tatu mbele yake. Swali lenye manufaa kwa anayetaka kuielewa Kwale ni hili: kijana anayekwenda kupimwa urefu uwanjani leo ana njia ngapi?

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na vijiji vilivyokitegemea vikabaki na mashina ya miwa. Hoteli za Diani zimeajiri watu wengi, lakini ajira hiyo hutegemea msimu, na msimu wenyewe hutegemea habari: machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, maonyo ya usafiri ya mwaka 2014, na ugonjwa wa korona mwaka 2020, kila moja lilizima taa za vyumba kwa miezi. Mgodi wa madini ya titani ulioanza kusafirisha bidhaa mwaka 2014 ulisimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024. Uvuvi hauna hati ya mshahara. Jeshi linayo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotatua kesi katika baraza nyingi za ukoo, kwa maana hati ya mshahara ndiyo inayompatia mtu mkopo wa benki, mkopo unajenga nyumba ya mawe, na nyumba ya mawe ina vyumba vya wadogo zake wanaosoma.

Ndiyo maana mwandishi anasita kutumia usemi kwamba kijana ameamua kuingia jeshini. Anayekimbia uwanjani akiwa kifua wazi ni mmoja, lakini walioamua ni wengi. Mjomba amesema neno lake, mama amesoma dua, shangazi amechanga nauli. Matangazo ya jeshi yametaja umri wa miaka 18 hadi 26, kimo kisichopungua mita 1.60, na uzito usiopungua kilo 54.55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Msichana anatakiwa asiwe mjamzito wakati wa kuandikishwa wala wakati wa mafunzo, sharti ambalo kwa nyumba nyingi lina maana ya kuahirisha ndoa iliyokwisha kuzungumzwa. Anayefaulu huitwa kwenye mafunzo Eldoret, zaidi ya kilomita 700 kutoka Msambweni, kwenye baridi asiyopata kuiona.

Tamaa hiyo ya familia imewavuta matapeli. Mara kadhaa vijana wamefika kwenye lango la kambi ya Eldoret wakiwa na barua za mwito za bandia, ambazo wazazi walizinunua kwa kuuza mifugo au ardhi. Kwa pwani yetu ongeza minazi iliyowekwa rehani. Kijana hurudi na sanduku la bati alilotoka nalo, na deni hubaki kwa watu ambao hawakuwahi hata kuota kuvaa magwanda.

Kuhusu wanawake, habari ni fupi kwa sababu ni ya karibuni. Kikosi cha wanawake kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilivunjwa mwaka 1999, na askari wake wakaingizwa katika vikosi vya kawaida. Fatuma Gaiti Ahmed, aliyejiunga mwaka 1983, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Brigedia (2015), kisha Meja Jenerali (2018), na Mei 2024 akateuliwa kuwa mkuu wa Jeshi la Wanahewa. Swali la nyumba linageuka hapa: askari akiwa mke, nani atabaki na watoto? Katika Kwale jibu mara nyingi ni nyanya yao, naye hatajwi katika tangazo lolote la jeshi.

Mtongwe na waliotoka kabla ya wakati

Makao ya Jeshi la Wanamaji yapo Mtongwe, Likoni, tangu jeshi hilo lilipozinduliwa tarehe 12 Desemba 1964. Kwa mkazi wa pwani ya kusini hilo ndilo jeshi la jirani. Ving'ora vyake vinasikika, mabaharia wake wanapanga nyumba mitaani, na watoto wao wanasoma na wetu. Mwaka 2012 wanamaji hao walishiriki kuivamia Kismayo kwa kutokea baharini.

Mtongwe ndiko ilikosikilizwa pia kesi inayofaa kusomwa na kila anayetaka kuelewa jinsi familia na kazi ya askari zinavyogongana. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi iliwahukumu zaidi ya wanamaji 20 wa zamani kifungo cha maisha kwa kosa la kutoroka jeshini. Ilidaiwa kwamba miaka kadhaa nyuma, wakati vita vya Iraki na Afghanistani vilipokuwa vimepamba moto, waliacha kazi na kwenda kuajiriwa na kampuni za ulinzi za Kimarekani. Wao walishikilia kwamba walikuwa wameandika barua za kujiuzulu. Hukumu hiyo ya maisha haikusimama, kwani ilitenguliwa katika rufani kwenye Mahakama Kuu ya Mombasa.

Wanasheria watabishana juu ya barua ya kujiuzulu na idhini ya mkuu wa kikosi. Kwa mada yetu kuna jambo jingine. Raia anayeona mshahara bora mahali pengine hutoa notisi na kuondoka. Askari hana mlango huo kwa urahisi, kwa sababu muda wake una mwenyewe. Lakini mahitaji ya nyumbani hayajui mkataba: karo ya sekondari huja Januari, na mzazi huugua asipotarajiwa. Ujuzi wa bunduki ukapata bei kubwa kwingine, na mtu akajikuta kati ya amri mbili, ya afande na ya nyumba. Askari wa zamani wenye sifa safi nao hukutana na tatizo la namna hiyo wanapostaafu wangali na nguvu, katika umri ambao mwalimu bado ana miaka mingi ya kufundisha. Wengi huishia kulinda malango ya hoteli na benki, wengine huenda Ghuba.

Linapaswa kutajwa pia jambo lisilopendeza. Kwa miaka kadhaa Kwale imetajwa miongoni mwa maeneo ambako vijana walivuka kwenda Somalia kupigana upande wa pili, na Aprili 2015 serikali ilitangaza msamaha kwa watakaorudi na kujisalimisha. Askari wa Ukunda anayekuja likizo hukaa katika mtaa mmoja na jamaa za vijana hao, na pengine wamekua pamoja. Magwanda hubaki kambini. Watoto hufundishwa kujibu kwamba baba anafanya kazi Nairobi. Huo ni uongo mdogo, lakini mtoto huubeba kila siku shuleni.

Mke wa asiyejulikana aliko

Tarehe 16 Oktoba 2011 Kenya ilitangaza kuingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, na mwaka uliofuata vikosi vyake vikajiunga na ujumbe wa Umoja wa Afrika. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilivamiwa. Serikali haikutoa orodha kamili ya waliokufa. Vyombo vya habari vilitaja zaidi ya 140. Baadhi ya miili ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya vinasaba. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikavamiwa kambi ya Kulbiow.

Mwanajeshi akifa na maiti yake ikaletwa, kila mtu anajua la kufanya. Tanga huwekwa, hitima husomwa, mjane hukaa edda ya miezi minne na siku kumi, kisha mirathi hugawanywa. Tatizo ni yule ambaye hakuletwa. Tuchukue mfano wa mke wa askari Mwislamu wa Msambweni ambaye mumewe amepotea vitani. Sheria ya Ushahidi ya Kenya humchukulia mtu kuwa amekufa akikosa kusikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangemsikia. Katika fikihi aliyepotea huitwa mafkudi, na wanazuoni wametofautiana. Madhehebu ya Imam Malik humpa mke miaka minne, kisha edda. Madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, katika kauli yake ya baadaye yanamtaka asubiri hadi pawe na uhakika wa kifo. Kadhi anaweza kuangalia madhara anayopata mwanamke na kutafuta njia, ila kesi huchukua muda, na muda huo mke si mjane wala si mke. Hawezi kuolewa. Hawezi kukaa edda. Wakwe wanamwita mwenye mkosi akilia, na mwenye haraka akinyamaza. Hata tanga haliwekwi, maana kuliweka ni kukiri.

Juu ya hayo kuna suala la urithi wenyewe. Zamani mirathi ya Mdigo ilipita upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na katika karne ya 20 utaratibu huo ulivutana kwa muda mrefu na sheria ya Kiislamu inayowapa watoto na mke mafungu yao. Kisha jeshi likaleta utaratibu wa tatu: fomu inayomtaka kuruta aandike jina la jamaa wa karibu. Kijana wa miaka 19 ambaye hajaoa humwandika mama yake au mjomba aliyemlipia nauli. Miaka kumi baadaye ana mke na watoto watatu, na asipokumbuka kubadilisha, fomu bado inasema mama. Ofisi hufuata karatasi, kadhi hufuata mafungu, na wazee wa ukoo hukumbuka nani alimlea. Chama cha Wake wa Wanajeshi wa Kenya na chama cha askari wastaafu, DEFOCA, hujitahidi kusaidia jamaa za askari, lakini si kila mjane wa kijijini anajua njia ya kuvifikia.

Kwa watafiti wa fasihi simulizi, hapo kuna kazi iliyo wazi. Katika Chidigo na Kiswahili cha Vanga yamo mashairi ya kuomboleza, dua za safari na nyimbo za kubembeleza watoto ambazo huimbwa na wanawake wanaongoja. Tumezikusanya kidogo mno, kwa sababu tulipokwenda nyanjani tuliuliza juu ya kaya, ngoma na harusi. Mwanafunzi atakayeanza na swali jipya, yaani nani katika nyumba hii aliwahi kwenda Keya, Somalia au Mtongwe na nini kiliimbwa siku aliyoondoka, ayapeleke maswali yake kwa nyanya kabla ya kwenda kwa askari mwenyewe. Askari ataeleza vita, na vita tumeshavitungia tenzi za kutosha.